Siku Nilipomsingizia Mkorea

Aibu nyingine mtu huisimulia akicheka, na hii yangu nimejaribu kuisimulia hivyo mara mbili tatu mbele ya marafiki, nao wakacheka kweli, mpaka nilipofika makaburini kicheko kikakatika na mmoja, ili kubadilisha mazungumzo, akaniuliza kama nina kiberiti. Kwa hiyo leo sitajaribu kuchekesha. Ni habari ya gari la baba yangu, gari dogo la Kikorea lenye rangi ya maziwa, na jina la kampuni iliyoliunda sitalitaja, kwa sababu nimeshaisingizia kampuni hiyo vya kutosha.

Baba alikuwa akiuza vitambaa Majengo, Thika. Alivinunua kwenye viwanda vya nguo vya Eneo la Viwanda, vile vilivyotoka na kasoro, uzi umeruka au rangi imemwagika, akavikata pale penye uzima na kuviuza kwa yadi. Miaka ya tisini ilipoanza biashara hiyo ilikuwa bado na pumzi (mitumba ilikuwa haijatufunika), na siku moja akapanda kwenda Nairobi, akaingia duka la magari, akatoka na gari jipya kabisa, viti vyake vimevaa nailoni. Nailoni hiyo hakuitoa mwaka mzima. Kila mtu tuliyemjua aliyeweza kununua gari alikuwa akinunua la Kijapani lililokwisha kutumika, lililopitia Dubai, na wengi hawakujua Korea iko upande gani wa dunia. Msikitini wakaanza kumwita Mzee Korea, na jina hilo akalipenda.

Mimi sikulipenda gari. Nilikuwa chuo kikuu, nimepanga chumba na wenzangu mtaa wa Kahawa Sukari, na nilikuwa nimefika ule umri ambao mtu akiambiwa jua limechomoza anauliza nani amethibitisha. Nikaenda maktaba, nikatafuta majarida ya magari, nikaisoma historia ya kampuni ile: jinsi ilivyoanza kwa kuunganisha magari ya watu wengine, jinsi ilivyowaajiri Waingereza waifundishe kuunda la kwake, ikaazima injini kwa Wajapani, na jinsi gari lake, lilipofika Amerika, lilivyonunuliwa sana kwanza kwa kuwa rahisi, kisha likageuka kichekesho. (Jinsi walivyorudi kiwandani wakarekebisha makosa niliisoma pia, lakini sehemu hiyo sikumsimulia baba.)

"Baba, hili gari litakuja kukuaibisha," nilimwambia.

"Lini?"

"Siku moja."

"Basi siku hiyo moja tutaiona," akasema, akiendelea kupangusa kioo kwa kipande cha kitambaa.

Miaka mitatu ikapita na gari halijamlaza njiani hata mara moja, jambo ambalo mimi niliona halithibitishi kitu.

Nilipomaliza masomo sikupata kazi, kama wenzangu wote, na baba akawa ananiazima gari siku za wiki nizunguke nalo Nairobi na barua zangu za maombi. Wakati huo magari yalikuwa yakiibwa kama kuku. Jamaa mmoja wa chuoni akanipeleka kwa fundi aliyefunga swichi ndogo chini ya dashibodi, upande wa goti, ambayo ukiibonyeza petroli haipandi tena kwenda kwenye injini. Uzuri wake (ndivyo nilivyouona) ni kwamba gari linawaka kama kawaida kwa ile petroli iliyobaki kwenye kabureta, mwizi anakwenda nalo kama kilomita moja akifurahi, halafu linamfia barabarani naye anakimbia. Baba sikumwambia. Nilijua angesema gari ni lake, kwa nini liwe na siri asiyoijua. Akiendesha yeye, swichi ilikaa wazi siku zote na hakuna kilichotokea. Niliitumia mimi tu, na mkono ukazoea: kuzima gari, kuvuta breki, kubonyeza.

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki alfajiri ya Jumatano, Ruiru, nyumbani kwa shangazi aliyekuwa akimuuguza. Habari ilitufikia Thika (usiku ule nilikuwa nimelala nyumbani) kabla duka halijafunguliwa. Matatu zilikuwa zimegoma wiki hiyo, barabara ya Thika ilikuwa nyeupe, na baba akanipa ufunguo mwenyewe, basi nikachukua usukani mimi. Njia nzima alisema jambo moja tu.

"Aliniambia mimi ndiye nimpokee."

Kwa asiyejua, sisi tunamzika mtu siku hiyohiyo, hatumchelewishi. Watoto wake wa kiume hushuka kaburini, wakampokea kutoka mikononi mwa walio juu, wakamlaza, wakafungua vifundo vya sanda. Kichwa hupokewa na aliye karibu naye zaidi, na bibi alikuwa amemwambia baba, tena si mara moja, kwamba kichwa chake asikiguse mtu mwingine. Baba ndiye kifungua mimba. Nadhani tangu utotoni hakuna jambo jingine alilowahi kuombwa na mamake ambalo lilikuwa gumu hivyo na rahisi hivyo.

Tulipofika Ruiru uchochoro wa shangazi ulikuwa na matope, kwa hiyo nikamshusha baba nikaenda kuliacha gari mbele ya maduka, mwendo wa kama dakika tano. Palikuwa na vijana wamesimama wawili watatu, na watu walikuwa wakimiminika kwenda msibani, wengine nisiowajua. Nikawaza: nani atalilinda gari hapa. Nikawaza tena: hata kwenye msiba wezi huja, tena ndiko hupenda. Nikabonyeza.

Uamuzi wenyewe ndio huo. Wale waliokuwa wakipita pale walikuwa wamebeba sufuria na mikeka ya kutusaidia, na mimi niliwafungia petroli.

Bibi akaoshwa, akavishwa sanda, na karibu na saa sita akatolewa. Jeneza likapakiwa kwenye pikapu ya jirani, na Baba Mdogo Hamisi, mdogo wake baba, akapanda kukaa nalo. Wanaume wengine wakajaa kwenye lori lililoazimwa kwa mwenye kokoto. Mpango ulikuwa kuswali adhuhuri msikiti wa Thika, kumsalia maiti, na kwenda moja kwa moja makaburini. Kwenye lori walimpisha baba akae mbele na dereva, akakataa.

"Nitakwenda na mwanangu," akasema. "Gari letu lipo."

Nikakimbia kulichukua. Niliporudi nalo mdomoni mwa uchochoro lori lilikuwa limeshaondoka na baba alikuwa amesimama peke yake, kanzu nyeupe, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Akaingia. Tulipita mjini, tukashika barabara kuu, tukaanza kuyapita mashamba ya kahawa, na hapo gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikaliongoza kando kwa ule mwendo uliobaki.

Sasa nawauliza ninyi, na nimejiuliza mwenyewe miaka yote hii: mtu aliyeifungisha swichi kwa fundi mwenyewe, aliyeibonyeza asubuhi ileile, anawezaje asiikumbuke? Jibu ninalo, na silipendi. Sikuikumbuka kwa sababu sikuhitaji sababu nyingine. Miaka mitatu nilikuwa nimeingoja siku ile. Gari liliponyamaza, kabla ya huzuni na kabla ya hofu, kulikuja kitu kidogo kama raha.

"Unaona baba," nikasema. "Nilikuambia."

Baba alikuwa akitazama mbele, kule lori lilikopotelea.

Nikafungua boneti. Nikamweleza, nikiwa nimeinama, kwamba magari haya tatizo lake ni umeme, nimesoma, unyevu ukiingia plagi zinakufa, Mjapani asingefanya uzembe huu. Nikatoa spana ya plagi kwenye buti (spana iliyokuja na gari, haijawahi kutumika) nikaanza kuzifungua moja moja, nikizipuliza, nikizipangusa kwa shati. Baba alishuka akasimama kando ya barabara. Magari yalikuwa machache na mengi yalipita bila kutazama, kwa maana wakati ule mtu hakumsimamishia mgeni gari ovyo. Kisha ikasimama pikapu moja imejaa kabeji, inaendeshwa na mama mmoja wa makamo mwenye kitambaa kichwani, na pembeni yake magunia matupu yamejaa mpaka kwenye kioo.

"Mzee, naona kanzu. Uko na matanga?" akauliza.

"Namzika mama yangu, Thika."

"Ngai, Mungu wangu. Panda hapo juu basi, utanisamehe hapa mbele hakuna nafasi. Nitakufikisha mpaka kwa msikiti."

Baba akanitazama, akaitazama pikapu, akashika ukingo wake na kuweka mguu mmoja juu ya gurudumu. Nami nikasema, Mungu anisamehe, "Baba, huwezi kukaa juu ya kabeji na kanzu hiyo. Nimeshajua tatizo. Dakika tano."

"Una hakika?"

"Nimelipata, baba."

Akabaki na mguu pale juu kwa muda. Mama wa kabeji akasema, "Mzee, mambo ya mama haingojangi," na baba akamjibu kwa upole kabisa kwamba ahsante, mtoto amesoma, anajua analofanya. Akateremsha mguu. Pikapu ikaondoka.

Dakika tano hizo nilizitumia kuiangusha plagi ya nne kwenye lami, ikapasuka ule udongo wake mweupe. Nikairudisha hivyohivyo bila kusema. Nikajaribu kuwasha, gari likazunguka, likazunguka, mpaka betri ikaanza kuchoka. Nikajaribu tena. Saa ya baba ilikuwa kwenye mkono uliokuwa karibu nami na sikuweza kutoiona: saa saba kasoro. Nikamwambia akae, nikaondoka mbio kurudi Ruiru kutafuta fundi, na huko nikampata Karanja, mtu mnene mpole aliyekuwa akila githeri chini ya lori. Akasema atamaliza chakula kwanza. Akamaliza. Akaja na baiskeli, mimi nimekaa kwenye keria nimeshika kisanduku cha vyuma, na kila tulipokutana na mlima mdogo nilishuka nikasukuma.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, mgongo ameipa barabara, anavuta tasbihi. Yapata saa saba na nusu. Sala ilikuwa imeshapita.

"Hii ni ile ya Korea," Karanja akasema, akilizunguka. "Sijawahi fungua moja. Wenye nazo hawaji kwangu."

"Kwa sababu zinakufa kabisa," nikasema.

"Ama kwa sababu haziharibiki." Akainama. "Plagi nani amezigusa?"

"Mimi."

"Mm. Ulikuwa unazitafutia nini?"

Akalitoa bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akaniambia nizungushe ufunguo, akatazama. Halikutoka hata tone. Akalifuata bomba kwa kidole, taratibu, kuelekea ukuta wa injini, mpaka kidole kikasimama mahali penye kitu cheusi chenye nyaya mbili nyekundu. Akakigusa. Akaufuata waya mpaka ulipoingilia ndani ya gari. Kisha akainua macho akanitazama, na hapo, hapo ndipo goti langu lilipokumbuka.

Karanja aligeuka akamtazama baba pale juu ya jiwe, akarudisha bomba mahali pake, akalikaza, na aliponipita kwenda kuchukua kitambaa chake akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo kitu haikutoka Korea. Ingia ndani ubonyeze mambo yako."

Nikaingia. Nikabonyeza. Gari likawaka, kwa silinda tatu, likitikisika kama mtu mwenye homa.

"Ilikuwa nini?" baba akauliza akija.

Na mimi, niliyekuwa nimeuliza maswali mwaka baada ya mwaka nikitaka ukweli na ushahidi, nikamjibu, "Pampu, baba. Hawa Wakorea." Karanja alikuwa akipanga vyuma vyake. Hakuniumbua. Alimpa baba mkono, akamwambia pole kwa msiba mzee, akapanda baiskeli akaenda zake, na mimi hakunipa mkono.

Tuliingia Thika tukikohoa. Ile plagi iliyopasuka ilikuwa ikilifanya gari lipige mishindo, mmoja mdogo, mmoja mdogo, kisha mmoja mkubwa kama bunduki, na tulipolikaribia lango la makaburi ukapiga ule mkubwa. Watu wote mle ndani walikuwa wameinua mikono, imamu yuko kwenye dua, na nikaona kanzu nzima nzima zikiinama chini, mzee mmoja akajitupa kando ya kaburi, kofia zikaanguka. Siku zile mshindo kama ule haukuwa wa kupuuzwa. Kisha wakageuka wakaona ni gari la Mzee Korea. Imamu akaanza dua upya kutoka mwanzo.

Baba alikuwa ameshashuka kabla sijalizima. Alitembea haraka, halafu akaona udongo umeshajaa, umeshapandishwa juu na kunyunyizwa maji, akaacha kutembea haraka.

Baba Mdogo Hamisi alikuja kumpokea. Suruali yake ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka magotini na mikono yake vilevile.

"Tulikungoja, kaka. Tulikungoja mpaka imamu akasema hatuwezi kumweka juani."

"Kichwa nani alikipokea?"

"Mimi."

"Ulimfungua vizuri?"

"Nilimfungua vizuri."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akachuchumaa, akachukua udongo mara tatu akauweka juu ya ule mwingine, na kila mtu akatazama kando kwa sababu udongo wa kuweka kwa mkono huwekwa kaburi likiwa wazi. Tulipokuwa tukitoka, Hamisi, ambaye ana gari kuukuu la Kijapani na hakuwahi kuacha kumtania baba juu ya lake, alisema kwa sauti ambayo nadhani aliikusudia iwe ya kumfariji, "Nilikuambia ununue Mjapani. Umeona sasa Korea imekufanya nini." Wanaume kadhaa wakaguna kukubali. Mmoja akasema na binamu yake alikwama hivyohivyo, akauza lake. Baba akanitazama, nadhani alitaka niseme neno, mimi ndiye niliyesoma historia ya kampuni ile. Nikasema ndiyo, yana udhaifu huo.

Jina la Mzee Korea halikubadilika, lakini namna ya kulitamka ilibadilika. Mtu akichelewa sala wanamuuliza kama amekuja na Mkorea. Hata mchinjaji, kuku akigoma kufa haraka, husema huyu ni Mkorea. Baba alivumilia miezi michache, kisha akamuuzia gari mwalimu mmoja wa Ruiru, na tangu hapo hakununua jingine. Kabla ya kulikabidhi nilijitolea kwenda kulisafisha, nikaitoa ile swichi na nyaya zake nikaitupa mtoni.

Mwalimu nilikutana naye stendi ya Ruiru baada ya mwaka na zaidi. Alinishukuru, hebu fikiria. Alisema gari halijamlaza njiani hata siku moja, analipeleka kwao magharibi kila likizo, ameshawashawishi walimu wenzake wawili wanunue kama hilo. "Baba yako aliliuza kwa nini?" akaniuliza. Nilimwambia alizeeka.

Wiki ile ndipo nilipokwenda dukani kumwambia. Nilimkuta peke yake akipima kitambaa. Nikasema yote: swichi, maduka ya Ruiru, Karanja, pampu. Hakuacha kupima. Alifika mwisho wa yadi, akakunja, akatia alama kwa chaki, akakata moja kwa moja bila mkasi kupinda.

"Swichi ni ujinga," akasema. "Ujinga husamehewa. Lakini yule mama alisimama, Yusufu. Mguu wangu ulikuwa umeshapanda."

Nilisema najua, baba.

Akakunja kile kitambaa mara nne, akakiweka juu ya vingine.

"Siku yangu ikifika, usije na gari. Njoo kwa miguu, na utoke mapema."

Sikujua kama ni laana au ni ombi, na sikuuliza. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu nililoliacha lipite. Siku hizi nikimsikia mtu akisema kitu fulani ni kibovu, na sauti yake ina ile raha kidogo, mimi huondoka. Mwezi uliofuata mazungumzo yetu ya dukani nilihamisha kitanda na vitabu vyangu kutoka Kahawa Sukari, nikapanga chumba Majengo. Wenzangu wanadhani ni kwa sababu sikupata kazi Nairobi. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa baba ni dakika sita kwa miguu, saba kukiwa na matope, na nimeshaitembea njia hiyo gizani nikiwa nimefumba macho.